Watoto Waonyeshwe Daftari la Nyumba

Kwa muda sasa simu yangu inapokea ujumbe wa madeni ya mikopo ya simu, madeni yasiyo yangu. Ujumbe unataja jina kamili la mtu, kiasi anachodaiwa na siku alizochelewa, kisha unanitaka mimi, kwa kuwa namba yangu imo kwenye simu yake, nimhimize alipe. Mara ni kijana wa bodaboda anayenibeba kutoka Sakina kwenda mjini. Mara ni binti aliyewahi kunishonea nguo Ngarenaro. Mara ni mtoto wa jirani aliyeanza chuo mwaka huu. Nikikutana nao wanainamisha macho.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wazazi wao huwa hawana habari. Fundi simu anajua, mwalimu wake wa zamani anajua, abiria wake anajua. Baba na mama wanaolala chumba cha pili hawajui. Kijana amekopa peke yake usiku, anahangaika peke yake, na akiulizwa mbona hali chakula anajibu kwamba kichwa kinamuuma.

Tukizungumza juu ya vijana na fedha, lawama zetu zinajulikana: hawana nidhamu, wanapenda starehe, wanabeti. Mimi nasema tatizo linaanzia kwetu wazazi na walezi. Tumeifanya fedha kuwa siri ya chumbani. Mtoto anakulia ndani ya nyumba miaka kumi na minane bila kujua kodi ni shilingi ngapi, baba analipwa lini, na deni letu dukani kwa Mangi limefika wapi. Siku anapofikisha umri wa kusajili laini yake, tunamwachia simu inayoweza kupokea, kutuma, kukopa na kubeti, na tunamtaka awe na busara. Busara hiyo ameipata wapi?

Hela ya msimu, matumizi ya kila siku

Suala hili lina uzito wake hapa Arusha. Wenye mshahara wa mwisho wa mwezi ni wachache. Fedha ya watu wengi hapa huja kwa mkupuo, halafu hukauka. Waongoza watalii na wapagazi wanategemea msimu wa kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha wageni wa Krismasi na mwaka mpya; zikifika mvua za masika, Aprili na Mei, wengi wanakaa nyumbani. Kijana wa Ngarenanyuki analima nyanya kwa miezi mitatu au minne akiweka mbolea na dawa, na bei ya tenga ndiyo inayoamua kama mwaka huo atajenga au atauza pikipiki. Kule Mirerani, wanaapolo wanashuka shimoni miezi mingi kwa chakula tu, wakingoja siku jiwe litakapotoka wagawane. Wanafunzi wa vyuo vyetu, kuanzia Chuo cha Uhasibu pale Njiro hadi Makumira, wanaishi kwa bumu la Bodi ya Mikopo, linaloingia kwa awamu.

Tazama mpagazi wa miaka ishirini na tatu anaposhuka Mlima Meru siku ya mwisho ya safari. Wageni wamefurahi, wanapiga picha, kiongozi wa msafara anagawa tipu. Kijana anashika mkononi fedha ambayo mama yake anayeuza ndizi Tengeru Jumatano na Jumamosi angeikusanya kwa wiki kadhaa. Kutoka hapo hadi nyumbani anapita kwa marafiki, kwenye duka la viatu na kwenye nyama choma, na kote huko anajulikana kuwa leo ametoka mlimani. Ni nani aliyewahi kukaa naye akamwambia kwamba hela hii ni ya siku arobaini na si ya wikiendi? Kwa mtu wa mshahara, kosa la mwezi huu linasahihishwa na mwezi ujao. Kwa mtu wa msimu, kosa la Oktoba linalipwa Aprili.

Mwaka 2020 tuliliona jambo hilo kwa macho. Watalii waliokuja nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka uliofuata, korona ilipoingia, wakashuka hadi takriban 620,000. Katika mji huu hilo lilimaanisha magari ya safari yaliyofunikwa maturubai, watoto waliohamishwa shule, na vijana waliozoea tipu wakiomba kazi ya kubeba mchanga. Janga lile hakuna aliyelitaka wala aliyelitabiri, na sitamlaumu mtu kwa kuishiwa. Lakini nyumba zilizokuwa na akiba ya miezi mitatu na nyumba zilizokuwa hazina hata ya wiki zilipita njia mbili tofauti, na mara nyingi kipato chao cha kabla ya hapo kilikuwa kilekile.

Vijana wetu wana kumbukumbu nyingine ya mwaka huohuo. Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja likiwa na uzito wa zaidi ya kilo tisa na jingine zaidi ya kilo tano, kwa shilingi bilioni 7.7. Hadi leo ukikaa kijiweni Unga Limited utasikia zile bilioni zikitajwa. Huwasikii wakitaja kwamba mzee yule alikuwa mchimbaji mwenye mgodi wake na wafanyakazi wa kuwalipa, wala kwamba jambo alilolitangaza mapema baada ya kupata fedha ni kujenga shule kwao Simanjiro. Usione vyaelea, vimeundwa. Kijana anayeijua bahati tu bila kuijua hesabu iliyotangulia, atamwacha vipi mtu anayemwahidi bahati ya haraka?

Mali ilipokuwa inaonekana

Zamani, katika nyumba za Wameru na Waarusha, mali ilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mtoto alijua ng'ombe wa nyumbani kwao mmoja mmoja, kwa rangi na kwa tabia. Alijua migomba ni mingapi na kahawa ya mwaka ule imezaa vipi. Ng'ombe akiuzwa ili kaka mkubwa aende sekondari, mdogo mtu alimwona akitolewa zizini, na alijua hata kama hakuambiwa kwamba elimu ya kaka yake imegharimu maziwa ya nyumba nzima. Hakuna aliyemfundisha somo la fedha. Aliishi ndani yake.

Sasa mali imehamia kwenye simu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 tumepata urahisi mkubwa, na mimi ni shahidi wa jinsi mama wa kijijini King'ori anavyopokea fedha ya mwanawe dakika ileile inapotumwa. Lakini mtoto aliyekaa kando ya baba yake haoni tena kitu kikitoka. Baba anabonyeza namba ya siri, anaweka simu mfukoni. Kodi imelipwa, au haikulipwa. Mchango wa msiba umekwenda, luku imenunuliwa, deni limepungua, vyote vinafanana. Kinachobaki kwa mtoto ni jibu moja: "Hakuna hela."

Na jibu hilo mtoto analipima kwa anavyoona. Anarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu mchango wa chakula haujalipwa, jioni anakuta kadi ya mchango wa harusi mezani, na Jumamosi wazazi wamevaa sare ya sherehe. Huenda mchango ule ulikuwa wa lazima. Huenda ukoo ule ndio uliowazika wazee wetu jana. Lakini nani amemweleza? Fedha anaijua kwa nyuso mbili, ugomvi wa wazazi na mbwembwe za sherehe. Akizipata zake, atafanya alichojifunza: atazificha kwa wa nyumbani na kuzionyesha kwa wa nje. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wapo wazazi watakaosema mtoto asibebeshwe mizigo ya wakubwa. Wengine wanaogopa kwamba atayatangaza mtaani. Nawaelewa, na simshauri mtu amlilie mwanawe wa miaka saba kuhusu rejesho la benki. Lakini mtoto wa miaka kumi anaweza kwenda soko la Kilombero na mama yake akiwa ameshika shilingi elfu ishirini za wiki, akaulizwa tununue sado la viazi au nusu sado, na mafuta je? Wa miaka kumi na tano anaweza kuonyeshwa ukurasa wa daftari: kilichoingia, kodi, luku, chakula, ada, deni, kilichobaki. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga, na daftari lisilosomwa na mtu wa pili halina tofauti kubwa na lisiloandikwa. Hofu ya kusemwa mtaani nayo ina ukomo. Tayari tunasemwa, kwa ujumbe wa simu, na majina yetu kamili.

Hapa niongeze neno kuhusu mabinti. Mvulana wa mjini angalau hutumwa, huuza, hupewa pikipiki ya hesabu. Msichana anaambiwa mambo ya fedha atayajua mumewe. Tunao pia mabinti wa kazi za ndani, wengi wametoka vijijini, ambao mshahara wao hutumwa moja kwa moja kwa mzazi bila wao kuugusa. Binti anafanya kazi miaka mitatu Njiro au Sakina na anaondoka na begi la nguo. Mzazi aliyepokea anaweza kuwa na shida ya kweli, lakini huyu binti amefundishwa kwamba jasho lake ni mali ya mtu mwingine. Tajiri wa binti na mzazi wa binti wanaweza kukubaliana, tena kwa simu moja tu, kwamba sehemu ya ule mshahara iwekwe kwa jina lake na aonyeshwe salio kila mwezi.

Na kijana aliyepata kazi ana mzigo wa namna nyingine. Mshahara wa kwanza haujaingia, ukoo umeshaupangia. Ada ya mdogo wake, matibabu ya shangazi, bati la nyumba ya bibi. Kusaidiana ni utu wetu na sitaki tuupoteze. Ila kijana anayeogopa kusema "nina kiasi hiki tu" ndiye anayekopa ili atume nyumbani, akaonekana amefanikiwa. Kama hesabu zingekuwa wazi tangu mwanzo, mama asingemwomba mwanawe laki moja akijua anabakiwa na elfu sabini baada ya kodi. Tena aliyesoma kwa mkopo wa Bodi anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Wazazi wangapi wanalijua hilo?

Waliochangia safari ya New York

Uwazi wa fedha si jambo geni kwetu. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi yao ikakusudiwa kwa walowezi wa kizungu. Wameru wakachanga. Watu waliokuwa wametoka kupoteza makazi walitoa walichonacho, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kueleza dhuluma ile, akiwa na mwanasheria Earle Seaton. Nauli ile ilitoka mifukoni mwa wakulima na wafugaji. Walitoa kwa sababu walijua fedha inakwenda wapi, nani ameishika na inafanya kazi gani. Leo Ngarenanyuki ileile kijana wa nyanya anauza mzigo wake na hajui mwenyewe fedha ya msimu uliopita ilikwenda wapi. Wajukuu wa waliochanga wanastahili kusimuliwa historia hii kama somo la fedha pia.

Uwazi huohuo ndio uliovipa nguvu vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA. Mfumo wa vikundi vya namna hii ulianza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, ukaenea hadi kwetu. Hudhuria kikao kimoja uone. Sanduku linaletwa likiwa na kufuli tatu, na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Fedha zinamwagwa mezani, zinahesabiwa kwa sauti, kila mwanachama anasikia kiasi kilichomo. Anayetaka mkopo anasimama mbele ya wenzake anasema wa nini. Wenzake wanamjua, wanaijua biashara yake, wanajua hata mumewe anakunywa kiasi gani. Wanaweza kumwambia, "Dada, laki tano ni nyingi kwako, anza na laki mbili." Lakini watoto wa hao akina mama wako wapi wakati huo? Wamefukuzwa wakacheze nje. Waacheni wakae, waone mama akiomba, akikataliwa, akirejesha.

Nikiri kwamba si kila kikundi ni salama. Tunaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009, ambako watu walipanda "mbegu" na kungoja kuvuna bila yeyote kuonyeshwa shamba lililopandwa. Kijana aliyezoea kuuliza nyumbani fedha hii imetoka wapi, atauliza swali hilohilo kwa yeyote anayemwahidi faida.

Mkopo wa usiku

Turudi kwa ile mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ilikuwa hatua njema, na sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inatoa nguvu ya kuendelea. Ila programu moja ikifungwa nyingine inafunguliwa kwa jina jipya, na mitaani mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, haihitaji hata intaneti.

Tuseme kijana amekopa laki moja kwa riba ya elfu thelathini kwa mwezi. Mwezi ukiisha hana laki, analipa ile riba tu ili asogezewe muda. Akifanya hivyo mwaka mzima ametoa shilingi 360,000, na laki moja bado anadaiwa. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Mtoto wa darasa la tano anaiweza, ikiwa kuna mtu aliyekaa naye akaipiga.

Mkeka wa kubeti nao uko hivyohivyo. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18, lakini watoto wa sekondari wanaweka kwa simu za kaka zao. Shilingi elfu moja kwa siku ni 365,000 kwa mwaka. Na hata kama kila mechi ingekuwa na nafasi nusu kwa nusu, mkeka wa mechi kumi kutiki wote ni mara moja katika 1,024. Chalii anakuonyesha mkeka wa rafiki yake uliotiki. Ile iliyochanika haimo kwenye simu yake wala kwenye mazungumzo yake. Kelele na viboko havimsaidii. Mwambie aandike kila alichoweka kwa mwezi mmoja, halafu mkae mkijumlishe pamoja.

Hata pikipiki ya mkataba, ambayo ni ajira halali na imetoa vijana wengi, inaingiwa gizani. Hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, inakuwa 3,120,000 kwa wiki hamsini na mbili, kabla ya mafuta, tairi na faini. Kabla hajasaini, kijana aende na mzazi au mjomba dukani waulize pikipiki hiyohiyo taslimu ni kiasi gani, na mkataba unasema nini akiugua au ikiibwa.

Wa kuanza ni nani?

Shule zina sehemu yake. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeliingiza somo la biashara katika masomo ya lazima ya sekondari, na Novemba mwaka huohuo Wiki ya Huduma za Fedha ilifanyika hapahapa, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nazipongeza juhudi hizo. Naomba tu walimu wawape wanafunzi mifano ya tenga la nyanya, tipu na bumu, maana ndiyo maisha watakayoyakuta. Halmashauri nazo, zinapotoa ile asilimia nne ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vijana, zisiridhike na katiba ya kikundi iliyonakiliwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zimeonyesha mara kwa mara mikopo isiyorejeshwa. Kikundi kikutane kwanza miezi sita, kihesabu fedha zake chenyewe kwa uwazi, ndipo kipewe za umma.

Mji huu ndiko lilikozaliwa Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililosema wazi kwamba taifa lilikosea kuitegemea fedha kuliko juhudi za watu wake. Makumbusho yake yako Kaloleni, na vijana wengi hawajawahi kuingia. Hata asiyekubaliana na siasa yake atakubali kwamba kizazi kile kilikaa hadharani kikajadili fedha ni ya nini. Katika nyumba zetu mjadala huo haupo.

Basi nakuomba, mzazi mwenzangu. Mshahara, mauzo au tipu ya mwezi huu ikiingia, kabla hujalipa chochote, mwite mwanao, umpe daftari na kalamu, umtajie kiasi chote kilichoingia na madeni yote uliyonayo, bila kuficha hata moja. Aandike yeye. Halafu muulize angelipa lipi kwanza.